Duara kwenye Mlango wa Mama Léocadie

19 Desemba 2020, Jumamosi

Shule zimefungwa tena, corona imerudi. Jana maître Gaspard aliingia darasani, cache-nez, barakoa yake, ikining'inia chini ya kidevu, akasema, "Muende nyumbani. Siku ya kurudi mutaisikia kwa redio." Wenzangu walilalamika kidogo ili waonekane wanapenda masomo. Mimi nilifurahi. Naandika hapa kwa kuwa hapa hakuna atakayesoma: wiki nyingi bila kusimamishwa mbele ya darasa!

Furaha ilifika mlangoni tu. Maître aliniita. Akasema klabu ya shule, ile ya kusaidia watu wa mtaa, haifungwi, sasa ndiyo ina kazi. Jeancy aliyekuwa prezida amekwenda kwa wazazi wake Bukavu. "Kaneza, utakuwa weye."

Nikauliza kwa nini. Akasema ripoti inapendeza ikiwa na msichana juu yake, na tena mwandiko wangu ni mzuri.

Clovis, naye wa klabu, alikuwa pale, akacheka mpaka akakohoa, kila mtu akarudi nyuma hatua mbili. "Prezida asiyeongea! Bon, haina shida. Weye utaandika, minye nitaongea."

Nilikubali upesi mno. Huo ndio uamuzi wangu wa kwanza.

21 Desemba

Tuko sita. Wazee tuliowaandika ni saba, wote wanaishi peke yao kwenye avenue yetu hapa Kasenga, Uvira. Kila asubuhi tutachota maji kwenye robine, bomba la mtaa, tuwapelekee, bidon moja ya kunawa mikono mlangoni, moja ya kupikia. Foleni ya robine watu wanabanana, wanasukumana, wanatemeana maneno usoni. Si mahali pa mzee siku hizi.

Maître ametupa sheria moja: msimwage maji na kukimbia kama wauza maji. Mgonge, msalimie, mwulize habari, msikilize.

Sheria hiyo imeninyima usingizi.

23 Desemba

Zamu yangu. Mlango wa nne, kwa Mama Léocadie, yule anayeuza uji wa mahindi na soya kwenye kona, kwa bamotari, wale wa pikipiki, na kwa wavuvi wanaotoka ziwani. Nilisimama na bidon kichwani nikifanya mazoezi. *Jambo mama. Umeamkaje mama. Goti inaendeleaje mama.* Maneno mepesi, mtoto wa miaka minne anayaweza. Shingo ikaanza kuuma. Nikaweka bidon chini polepole isitoe sauti, nikaondoka.

Shuleni wanasema najua lugha mbili. Kiswahili cha miaka ya kwanza, Kifaransa cha baadaye. Naweza kuandika insha ya kurasa nne kwa kila moja. Nyumbani kuna Kirundi cha mama, hicho nacho nakijibu kwa kichwa.

25 Desemba

Krismasi. Misa fupi, hakuna kushikana mikono. Nimeipenda.

26 Desemba, Jumamosi

Pitchou wa klabu amekosea mlango tena. Uwanja mmoja, yaani ua wa wapangaji, una milango mitano, akampelekea maji kijana mzima mwenye nguvu ambaye alimshukuru na kumwomba arudi kesho. Tulikutana kwenye ngazi za kanisa. Kila mtu alisema lake: tuwe tunauliza majirani, tuwe tunaita majina.

Nikaandika kwenye karatasi, nikampa Clovis asome. Tufanye kama watu wa chanjo ya polio. Wanapita na chaki, wanaandika namba mlangoni, anayefuata anajua bila kuuliza.

"Hapo sasa!" Clovis akajipiga paja. "Prezida iko na kichwa!"

Wote walisifu. Sikuwaambia sababu yangu. Alama ikiwepo, hakuna haja ya kugonga. Hakuna haja ya *umeamkaje mama*.

28 Desemba

Mvua usiku kucha. Chaki yote imekwenda.

29 Desemba

Clovis ameleta rangi iliyobaki kwa mjomba wake baada ya kupaka mtumbwi. Nyekundu. Nimechora mimi, kwa sababu ya mwandiko. Namba, na duara kuizunguka ili ionekane kwa mbali. Milango saba.

Kwa Mama Léocadie nilikuwa nimefika nusu ya duara alipotoka na mwiko mkononi.

"Weye mutoto, unaniandikia nini kwa mulango?"

"Ni ya maji, mama."

"Ya maji?"

"Ya klabu."

Akaiangalia, kichwa upande. Ana macho mabovu, alisogea mpaka pua ikakaribia rangi. "Inapendeza," akasema. "Sasa na minye niko na namba kama hoteli."

Nilicheka. Alinishika bega. Nilitamani kukaa, kisha nikaona watu wanatuangalia, nikachukua kopo langu.

2 Januari 2021

Hakuna jambo. Mama yuko nyumbani tangu mpaka wa Gatumba ufungwe, hana tena biashara ya Bujumbura, anapanga na kupangua vyombo vilevile.

6 Januari

Muzee Norbert amekufa. Alikaa nyumba ya tatu kutoka kwetu. Alirudi kutoka Goma kabla ya mwaka mpya, akakohoa siku nne, siku ya tano akapelekwa hospitali. Hawakumrudisha nyumbani. Watu wenye mavazi meupe walimzika wenyewe, familia ikatazama kutoka barabarani. Hakuna matanga. Wanawake walikuja na mikeka yao kama kawaida, wakaambiwa warudi nayo.

Kifo bila kulia pamoja, watu hawajui wakiweke wapi. Wamekaa malangoni wanaongea.

9 Januari, Jumamosi

Nilikuwa kwenye robine, mbele yangu wanawake wawili.

"Unajua zile duara nyekundu?"

"Nimeziona. Za chanjo?"

"Chanjo gani! Polio si njo wanaandika kwa chaki? Ile ni rangi. Haifutiki. Njo nyumba zenye kuwa na corona. Hospitali iko na liste ya majina."

"Yesu! Na yule mama wa uji?"

"Namba ine. Na asubuhi batoto wanamwekea maji kwa mulango, wanakimbia. Haujaona? Hawamugusi hata mukono."

Nilikuwa nyuma yao, karibu ningeweza kugusa kitenge cha mmoja. Mimi ndiye niliyechora. Mimi ndiye niliyeanza kuweka maji na kukimbia, na wenzangu wakaiga kwa kuwa ni rahisi. Ilitosha kusema: mama, ni sisi.

Bidon yangu ikajaa. Nikaibeba.

11 Januari

Alama sita zimekwanguliwa. Wazee wale wana wajukuu mtaani, wamekuja na visu na petroli, wamefuta. Imebaki ya namba nne.

12 Januari

Nimempelekea maji mwenyewe, nikiwa nimekusudia kusema. Nilimkuta amechuchumaa mlangoni na kitambaa chenye maji. Mvua ilikuwa imerusha tope mpaka kwenye mlango. Alikuwa anaisafisha ile alama, polepole, asiiharibu.

"Ili musipotee," akasema.

Sufuria ya uji ilikuwa imejaa mpaka juu. Saa mbili asubuhi. Wakati kama huo kwa kawaida anakwangua chini.

"Bamotari wamelala leo," akasema tena, kama ananiomba radhi mimi.

Nikasema, "Ndiyo, mama."

Ndiyo, mama! Nimerudi nyumbani nikalala kifudifudi.

13 Januari

Nimeandika tangazo. Sentensi nne, Kiswahili safi. Kwamba alama ni ya klabu, si ya hospitali. Kwamba inaonyesha mahali pa kupeleka maji. Kwamba Mama Léocadie ni mzima. Kwamba tunaomba msamaha. Clovis atalisoma Jumapili baada ya misa kwa megafoni ya shefu wa avenue. Sauti yake inafika ziwani.

Nina amani usiku huu.

16 Januari, Jumamosi

Clovis amekuja na karatasi yangu, ameikunja mara nne.

"Prezida, ngoja kidogo. Unajua maître amenipigia? Kuna shirika inakuja kuona klabu. Madame mmoja anaitwa Sabine, kutoka Bukavu. Wanatafuta klabu moja tu kwa muji yote ya Uvira. Sasa kesho minye nisimame kwa megafoni niseme tumepaka rangi mbaya, tumeharibia mama biashara?"

Nikasema, "Lakini hawanunui uji."

"Watanunua. Wiki mbili tu. Wakishapita, nitasema, nitaimba hata, nitacheza. Ao unataka kusoma weye?"

Aliinyosha karatasi mbele yangu. Hakuwa ananitisha, anajua tu kipimo changu.

Nikasema tungoje.

Nataka kuwa mkweli mahali pamoja katika maisha yangu, basi iwe hapa. Sikusema tungoje kwa ajili ya shirika. Nilisema kwa sababu nilipumua, nimeponea kusimama mbele ya watu.

19 Januari

Nimemwambia mama. Alikuwa anachambua maharagwe. Akanisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema kwa Kirundi, polepole: "Mwana wanje, nyamaza." Halafu kwa Kiswahili, kama vile Kirundi hakitoshi kwa mambo ya mji: "Sisi si wa hapa, tumetoka Nyakabere. Hapa watu wanatuvumilia. Siku wakisema mutoto wa Gloriose njo aliandika corona kwa milango, unafikiri watauliza ulikuwa na nia gani?"

Hana kosa. Lakini nimeona jinsi neno *nyamaza* lilivyonikaa vizuri, kama nguo iliyoshonwa kwa vipimo vyangu.

22 Januari

Mvua. Ziwa limeingia kwenye nyumba za chini. Mama Léocadie amepika sufuria ndogo.

25 Januari

Hakupika.

27 Januari

Amepika. Alikaa kwenye kona mpaka saa nne. Mbwa tu.

Mtu mmoja wa pikipiki alipunguza mwendo, rafiki yake nyuma akampiga kofi la kichwa: "Weye, unataka kufa juu ya soya?" Wakacheka. Mama Léocadie alisikia. Aliziba sufuria kwa sahani, akatoa sahani, akaziba tena.

30 Januari, Jumamosi

Wamekuja. Gari moja, watu watatu, makoti ya rangi moja. Clovis aliwatembeza. Nilitembea nyuma na daftari la ripoti. Tulipita milango ile iliyokwanguliwa, Clovis akawa anawaonyesha vitu upande wa pili wa barabara.

Lakini madame Sabine ana macho. Alisimama mbele ya namba nne.

"Et ça, c'est quoi?" akauliza, hii nayo ni nini.

Clovis akaeleza kwa Kifaransa cha redio. Mfumo wa kutambua walio hatarini. Wazo la prezida. Madame akageuka kwangu, akatabasamu kwa macho juu ya cache-nez. Akasema ni jambo zuri sana, rahisi, halina gharama, akasema lingefaa kuenezwa Uvira nzima. Akaniomba nisimame karibu na alama. Akamwomba na Mama Léocadie atoke, asimame upande mwingine. Mama alikuwa amevaa kitenge chake cha kanisani, sijui nani alimwambia kuna wageni. Tukapigwa picha. Duara katikati yetu.

Watu wa avenue walikuwa ng'ambo, kama arobaini. Waliona wageni wa makoti, waliona tumewekwa mbalimbali, hatua tatu tatu, waliona picha inapigwa kwenye mlango wa corona. Wasiokuwa na uhakika wakapata uhakika leo.

"Prezida, un petit mot?" madame akasema. Neno dogo tu.

Nilikuwa na sentensi nne nazijua kwa moyo. Mama Léocadie alinitazama akitikisa kichwa kunipa moyo, kama unavyomfanyia mtoto anayesoma shairi.

Nikasema, "Merci, madame."

Wakapiga makofi.

31 Januari

Baada ya misa nilimtafuta Clovis. Wameshapita, nikamwambia, sasa soma. Akasema, "Umewasikia mwenyewe! Wameipenda! Sasa nikaseme ilikuwa kosa?" Akaniwekea mkono begani. "Watu watasahau, Kaneza. Usijitese."

Si mtu mbaya. Ndilo linaloniudhi. Anabeba bidon mbili kwa mara moja, anawachekesha wazee. Ningependa awe mbaya.

4 Februari

Mama Agnès, mwenye uwanja anaopanga Mama Léocadie, amemwambia ahame. Wapangaji wengine wametishia kuondoka wote. Nilisikia kutoka barabarani.

"Mama Léo, minye sina neno na weye. Miaka kumi na moja tunakaa pamoja. Lakini hawa bantu wako na batoto."

"Niko mugonjwa wapi? Nionyeshe! Nimekohoa siku gani?"

"Sijasema uko mugonjwa."

"Basi?"

"Banasema."

Nilikwenda kwa shefu wa avenue. Nilikwenda kweli, miguu yangu mwenyewe! Nilimpa barua, kurasa mbili, jina langu chini. Aliigeuza, akaangalia mgongo wake. "Iko wapi cachet ya shule?" Nikasema muhuri uko shuleni, na shule imefungwa. "Barua bila cachet ni karatasi, mutoto wangu. Unaweza kuniambia kwa mudomo?"

Palikuwa na wanaume wanne wamekaa pale. Mmoja alikuwa anachokonoa meno, ananingojea.

Nikasema nitarudi na cachet.

6 Februari, Jumamosi

Mama Léocadie ameondoka asubuhi. Anakwenda Sange kwa binti wa marehemu kaka yake. Kitanda kimebaki. Sufuria kubwa alijaribu kumpa jirani, jirani akasema asante mama, wacha chini tu hapo. Bado iko hapo, jioni hii, hakuna aliyeigusa.

7 Februari

Sijaandika ripoti.

9 Februari

Clovis amesema ripoti inangojewa. Wazee waliohudumiwa: saba ao sita? Nimemwambia aandike mwenyewe. Ameshangaa. Nami nimeshangaa.

13 Februari, Jumamosi

Mama alikwenda Nyakabere kuchukua mihogo, nikamwomba anishushe Sange. Hakuuliza.

Nilimkuta Mama Léocadie nyuma ya nyumba. Mpunga wa watu ulikuwa umeanikwa juu ya shitingi ya plastiki, alikuwa anaugeuza kwa mguu, hatua fupifupi, anachora mistari, na fimbo mkononi ya kufukuza kuku. Amekonda usoni. Alinitambua kwa sauti, si kwa macho, kwa hiyo nilikuwa nimesalimia. Ndiyo, nilisalimia.

"Mama, nimekuja kuomba musamaha."

"Ya nini?"

Nikasema yote kwa pumzi moja, nikiangalia mpunga. Kwamba rangi ilikuwa wazo langu. Kwamba nililitoa ili nisilazimike kugonga mlango wake na kumwuliza habari. Kwamba nilisikia kwenye robine tarehe tisa ya Januari na nikabeba maji yangu. Kwamba nilikuwa na maneno siku ile ya picha.

Aliendelea na mguu wake mpaka mwisho wa shitingi, akageuka, akarudi.

"Sikiliza. Minye nilijua siko mugonjwa. Weye ulijua siko mugonjwa. Sasa umetoka Uvira mupaka huku kuniambia minye?"

Akachora mstari mwingine kwa mguu.

"Hapa hakuna muntu ameniuliza kitu. Enda useme kwa bale walikuwa wanauliza." Akamtupia kuku fimbo. "Na usiseme kwa barua."

Hakunipa kiti. Hakunipa maji ya kunywa. Mgeni aliyetoka mbali akaachwa aondoke bila maji, kwetu hahitaji kuelezwa. Nilimngoja mama barabarani saa mbili nzima, malori yakipita kwenda Kamanyola.

16 Februari

Redio imesema shule zitafunguliwa Jumatatu.

20 Februari, Jumamosi

Leo nimegonga.

Nilianza juu ya avenue, nikashuka. Sikuchukua karatasi. Mlango wa kwanza sauti ilitoka kama ya panya, baba akasema, "Eh? Nani amekufa?" Nikarudia. Mama Léocadie hakuwa na corona. Duara nilichora mimi, ilikuwa ya maji.

"Ah, ile?" akasema. "Sisi tulijua."

Nikafikiri nimesikia vibaya. Mlango wa pili, mwanamke wa robine, yule aliyesema hospitali ina liste. Akacheka, akafunika mdomo. "Minye nilikuwa nasema tu vile wanasema. Mutu akiwa na corona mwezi mzima, si angekufa?" Wa tatu mume alisema hata yeye alishangaa walivyomfukuza. Wa tano walinikaribisha ndani, wakanipa karanga, wakaniuliza matokeo ya shule. Bamotari wa kwenye kona walisema uji wake ulikuwa mzuri kuliko wa huyu wa sasa. Maana kuna wa sasa, tangu Jumatatu, kijana wa kike, mahali palepale, na foleni.

"Basi kwa nini hamkununua?" nilimwuliza yule aliyepigwa kofi la kichwa. Mimi, nimeuliza mtu swali barabarani, mbele ya wenzake!

"Nani angenunua wa kwanza?" akasema. "Weye unaweza kunywa pekee, bote wanakuangalia?"

Milango kumi na saba. Mmoja tu, mzee kiziwi, ndiye aliyeogopa kweli, na mpaka sasa anaogopa, alinifukuza. Nilimheshimu.

Nilimwacha Mama Agnès wa mwisho. Alikuwa uwanjani anafua, povu mpaka kwenye viwiko. Chumba kina mpangaji mpya, mlango umepakwa rangi ya kijani. Nilisema maneno yangu, sasa yalikuwa yanatoka yenyewe. Nikaongeza kwamba watu wote wanasema walijua. Labda sauti yangu ilipanda. Labda nilikuwa nimeanza kujiona.

Hakukasirika. Alikamua shati, akalikung'uta, akalitundika, akanigeukia.

"Na weye, Kaneza? Bote tulikuwa tunafikiri tu. Weye njo ulijua kabisa, ulichora mwenyewe. Asubuhi zote zile ulipita pale na bidon. Ulinunua kwake hata kikombe moja?"

"Hapana, mama."

"Bon," akasema, akachukua shati lingine.